Jiko Lililojaribiwa Uani

6 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta umekula. Sisi huku tupo. Shemeji yako amestaafu rasmi, na sasa kazi yake ni kukaa jikoni kwangu kwenye kiti cha plastiki akinielekeza namna ya kukaanga vitunguu. Huyu ni mtu ambaye miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kujua sukari inakaa wapi. Mwanangu mkubwa amenunua pikipiki na anaiogesha kuliko anavyojiogesha mwenyewe. Magoti yangu yanauma kukiwa na baridi, na kukiwa na joto yanauma vilevile, kwa hiyo nimeacha kuisingizia hali ya hewa.

Nakupa pole tena. Mwezi wa nne utatimia mwaka tangu wifi atutoke, na mimi bado nikishika kalamu huwa naanza kumwandikia yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anajibu kwa wakati.

Jiko lako limefika. Dereva wa lori alilishusha mbele ya banda letu la vipimo hapa chuoni kama anashusha gunia la viazi, lakini halikupata hata mkwaruzo. Hilo nakusifia. Bati umelikunja vizuri, riveti zimekaa kwenye mstari, na baba aliyetufundisha wote wawili kushika nyundo angelitazama akasema kijana wake si mjinga sana. Sifa zimeishia hapo.

Ulisema unataka cheti changu ili yule bwana mwenye zabuni akupe kazi ya kujenga majiko makubwa manne ya aina hiyohiyo kwenye jengo la wapishi la shule. Nimelipima mwenyewe, sikumwachia mwanafunzi. Maji yalichemka haraka mno, kuni zilitumika chache mno, wenzangu wakaanza kupiga makofi. Kisha wakaanza kukohoa. Tukafungua milango yote, na mlinzi wa getini akaja mbio na ndoo ya mchanga.

Hilo si jiko. Ni bomba la lori bovu lililovishwa nguo nzuri. Sufuria umeikalisha chini mno, imeukalia moto kama kuku anayeatamia. Cheti sitoi, na wewe usijenge mengine kama hilo ndani ya jengo lenye paa, ambamo watu watasimama kutwa.

Swali moja la nyumbani. Binti yako anapikia wapi siku hizi?

Dada yako


24 Februari

Dada,

Barua imefika, na mimi nimekula. Mpe shemeji pole ya kustaafu, na wewe jipe pole kubwa zaidi. Hapa ni wazima. Binti amemaliza mitihani, yupo nyumbani anasubiri majibu, ana mafua kidogo ya mabadiliko ya hewa. Mwenye nyumba ya jirani amejenga ukuta mrefu kiasi kwamba sasa hata ugomvi wao hatuusikii, na jioni zimekuwa ndefu.

Nimeisoma hukumu yako. Nimejiuliza hao wenzako waliokohoa ni watu wa namna gani. Nawafahamu watu wa mabanda ya vipimo. Wanavaa makoti meupe kuchemsha maji ambayo hakuna atakayeyatilia majani ya chai. Wanayapima, wanayaandika, wanayamwaga, wanakwenda nyumbani kula chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Mlinzi wenu kuja na mchanga hakunishangazi. Nadhani ndiyo kazi pekee aliyopata tangu aajiriwe.

Mimi kila jiko ninalotengeneza nalijaribu uani kwangu, mbele ya wateja, kwenye hewa safi. Wamekuja wazee, wamekuja wajawazito, wamekuja watoto wa shule wakitoroka vipindi. Hakuna aliyewahi kukohoa.

Na hapo sufuria inapokaa sikupachagua mimi. Mara ya kwanza nilikuwa nimeipandisha juu. Wifi yako akalichungulia jiko, akaniuliza kama naogopa sufuria itaungua. Akaweka kiganja chake ukutani mwa jiko, kwa ndani, akasema ikae hapa. Nikaweka alama kwenye bati chini ya kiganja chake, nikakata. Siku hiyo maji yalichemka kabla hajamaliza kuchambua mchele. Alicheka mpaka akashika mlango. Alikuwa anajua maji yamechemka kwa mlio wa kifuniko tu, hata akiwa barazani anamsuka jirani nywele, na kwenye jiko lile kifuniko kilimwita kabla ya wakati, akaacha kichwa cha watu nusu.

Kwa hiyo ukiniambia nipandishe, fahamu unaniambia nipandishe nini.

Bwana mwenye zabuni, ambaye mafundi wote tunamwita Miwani kwa sababu havui miwani ya jua hata akiwa ndani ya stoo, amesema cheti si lazima kitoke kwenu.

Salamu kwa wote,
Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Magoti ni yaleyale. Pikipiki imeingia mtaroni, mwanangu hakuumia mahali popote isipokuwa kwenye majivuno. Shemeji yako sasa anafunua sufuria zangu kunusa, halafu anatikisa kichwa kama daktari.

Uani. Nimelirudia neno hilo mara kadhaa nikiwa nimeketi, maana kulisoma nimesimama nisingeweza. Mnalijaribu uani, ambako upepo unafagia moshi bure, kisha mnaliuza likapikiwe chumbani. Wewe ni mtu anayejaribu mwavuli siku ya jua na kuusifu kwamba hauvuji.

Ngoja nikueleze polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao angalau nikiwauliza swali hunijibu. Mambo ni mawili, na wewe umeshughulikia moja ukadhani umemaliza. La kwanza ni joto kuingia kwenye sufuria. Hapo jiko lako ni hodari, sibishi. La pili ni kuni kuungua mpaka mwisho. Ukuni ukipata moto hutoa moshi kwanza, na moshi ule ndio unaotakiwa kuwaka. Ili uwake unataka hewa, unataka joto kali, na unataka nafasi ya kupanda kabla haujagusa kitu. Wewe umechukua tako la sufuria yenye maji baridi ukaliweka katikati ya mwali. Mwali ukigusa chuma baridi kabla haujamaliza kazi yake, unakatika, na kinachobaki ni masizi. Sufuria inafaidi joto. Aliyekaa karibu nayo anafaidi kilichobaki.

Halafu kuta zako ni udongo mnene unaojipasha wenyewe kwanza, kama mgeni anayejipakulia kabla ya wenyeji. Toa udongo, weka bati mbili na majivu makavu katikati, joto libaki kwenye moto. Na kuni zako zimelala sakafuni, hewa haina pa kupita chini yake. Weka wavu wa chuma, zilale juu ya wavu. Na hilo koo la jiko, ile njia ya moto kutoka kwenye kuni hadi sufuriani, lipandishe, mwali upate pa kunyoosha mgongo.

Kuhusu kiganja cha wifi sisemi kitu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya duara. Ilikuwa nyeupe. Tuliiacha inase hewa ya juu ya jiko lako kwa muda wa kuchemsha sufuria moja tu.

Hujaniambia binti anapikia wapi.

Dada yako


29 Aprili

Dada,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu.

Hapa ni wazima. Mwaka ulitimia. Tulikaa wawili, binti akapika chakula alichopenda mama yake, hakuna aliyekimaliza. Kitambaa alichokuwa anashikia sufuria bado kimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Binti anatumia kingine, na hatujawahi kulizungumza hilo.

Karatasi yako imefika. Fundi mwenzangu aliiona mezani akauliza kama tumefiwa tena. Nimeichoma. Iliungua vizuri sana, pengine ungependa kuipima.

Nikupe habari za huku, kwenye watu wanaopika. Miwani aliitisha mashindano kwenye uwanja wa shule, jiko langu na jiko la fundi mwingine kutoka mtaa wa pili. Wapishi waliletwa wakapangwa kivulini kama wanakwaya. Jiko langu lilichemsha maji wakati mwenzangu bado anapuliza. Mwalimu mkuu alipiga makofi. Mpishi mkuu, mama mmoja mnene asiyecheka hovyo, alizunguka jiko, akainama, akauliza kama likiingia ndani litakuwa hivihivi. Miwani akamjibu jiko ni jiko, mama. Tayari amechapisha vibandiko vyekundu vya kubandika kifuani mwa jiko: HALINA MOSHI. Nilimwambia herufi ni kubwa mno. Akasema ndivyo watu wanavyoamini.

Sasa nikuulize na mimi swali, maana umezoea kuuliza. Siku ya pili baada ya maziko uliondoka alfajiri bila kuniaga. Niliamka nikakuta kitanda kimetandikwa. Watu waliniuliza dada yuko wapi, nikasema amepata dharura kazini. Dharura ya nini, maji yalikuwa yanachemka bila mtu wa kuyaandika? Mtu aliyekimbia msiba wa wifi yake asinifundishe mimi namna ya kukaa na moto wake.

Binti anakusalimu. Asubuhi kifua kinambana kidogo. Ni vumbi la kufagia.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina habari za magoti.

Umeuliza, nakujibu. Siku ya maziko niliingia zamu kwenye chumba chako cha kupikia, nikakoka moto kwenye jiko lako, nikapika chai ya waombolezaji. Tulikuwa tunapokezana, wanawake wawili wawili. Nilipotoka nje niliwatazama watu mmoja mmoja. Macho ya waliotoka jikoni yalikuwa mekundu kuliko ya wafiwa. Nikajua. Ningekaa siku moja zaidi ningesema, na siku ile haikuwa ya kusema. Nikapanda basi. Sisemi hata sasa.

Wewe fanya jambo moja. Ingia mle chumbani mlango ukiwa umefungwa, ukae kwenye kigoda cha wifi, upike maharage makavu kwenye jiko lako mpaka yaive. Usimtume mtu. Usifungue. Usiniandikie mpaka umekaa.

Na kama mwanamume mzima na fundi wa miaka mingi hawezi kukaa na sufuria moja ya maharage, akamuulize binti yake yeye hukaaje.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Tupo. Majibu ya mitihani ya binti yametoka, amefaulu vizuri, na sikuwa na wa kumpigia kelele za furaha isipokuwa fundi mwenzangu, ambaye alisema tu hongera akaendelea kupiga riveti.

Nimekaa.

Kwa muda mrefu sikutaka. Nilijiambia nasubiri maharage ya bei nzuri. Halafu nilisubiri siku ya mvua, maana siku ya mvua mlango wa mle ndani hufungwa, mvua hupiga upande ule. Ilipokuja nikaingia. Unakijua chumba chenyewe. Dirisha lake ni kubwa kama sahani, na nilikijenga mimi.

Mwanzo niliona dada amezidisha. Moto ulishika mara moja, maji yakaimba. Kisha yakabaki maharage na mimi. Sitakueleza yote kwa sababu utafurahi. Nitakwambia tu kwamba nilitoka nje mara mbili, na mara ya pili binti alikuwa amesimama barazani anacheka, amejifunga shuka mabegani. Akasema, "Baba, hujui kukaa. Ukitaka kuchochea, nenda kwanza mlangoni uvute pumzi, uifunge, ndiyo uje. Mama alinifundisha."

Nikamuuliza alimfundisha lini. Akasema zamani, alipoanza kumruhusu kushika mwiko. Akasema mama yake alikuwa anaweza kuchochea, kukoroga na kufunika kwa pumzi moja, yeye bado hajafika hapo.

Alinieleza bila lawama yoyote, kama mtu anayekuonyesha namna ya kufunga kamba za viatu. Miaka yote ile nilikuwa namwona mama yake akisimama mlangoni anatazama nje, nikidhani anatazama watu wanaopita.

Uliuliza binti anapikia wapi. Anapikia palepale.

Kesho yake nilichukua tindo. Udongo nimeutoa wote. Nimeweka bati mbili na majivu yaliyochekechwa katikati. Nimeweka wavu. Sufuria nimeipandisha mpaka mwali unasimama wima, na ni kweli una rangi nyingine. Alama ya zamani nimeikata, ipo kwenye chuma chakavu, na sitaki tuiongelee.

Nilimwendea Miwani nikamwambia majiko ya shule hayatakuwa kama lile la uwanjani. Aliniuliza kama nimepewa kitu na washindani. Nikamwambia habari za wapishi, wako watu wanne mle ndani, paa liko chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta vumbi kwenye kiatu, akasema, "Fundi, mpishi hasaini malipo." Halafu akaniambia akili yangu imevurugwa na msiba, na kwamba ananivumilia kwa sababu hiyo. Nimedharauliwa na watu wengi, wewe ukiwa wa kwanza, lakini sijawahi kudharauliwa kwa huruma namna ile.

Lipo tatizo moja. Sufuria ikiwa juu joto linapotea pembeni, maji yanachelewa. Nikaizungushia sketi ya bati, ili moto upande ukiilamba ubavuni. Nikaibana vizuri isiachie hata unyasi. Sasa moshi unarudi kwa mdomo wa jiko, unanitazama usoni. Niambie.

Mdogo wako


10 Julai

Mdogo wangu,

Mwambie binti shangazi yake amelia kwa kufaulu kwake, mbele ya wanafunzi, na heshima yangu chuoni imekwisha. Shemeji yako amenunua karatasi ya kufungia zawadi lakini hakununua zawadi.

Sasa hiyo sketi. Umeivalisha sufuria suruali ya kubana halafu unashangaa haipumui. Moto ule unaopanda lazima upate pa kutokea, la sivyo utarudi ulikoingia. Achia nafasi ya upana wa kidole chako cha mwisho, kuzunguka kote, siyo upande mmoja imebana na mwingine inapwaya kama ulivyokuwa unavaa soksi. Ikiwa finyu inakaba. Ikiwa pana moto unapita katikati bila kuigusa sufuria. Baba alitwambia sisi wawili mimi ndiye mwenye mkono mzito, na mimi nimekaa namfundisha mwenye mkono mwepesi kuacha nafasi.

Kwa shule weka bomba la kutoa moshi mpaka juu ya paa, hata kama jiko ni zuri. Kuni zao zitakuwa mbichi, kuni za shule ni mbichi siku zote, na kuni mbichi hazina adabu kwenye jiko lolote.

Huyo Miwani usimpoteze kwa maneno. Watu wa aina yake masikio yao yapo kwa mapambo. Mkalishe.

Umefanya vizuri. Nimeandika hilo mara moja, usitegemee ya pili.

Lakini nisikilize. Wavu na majivu vinatengeneza jiko. Kifua cha mtoto hakitengenezwi na wavu. Mafua tangu Februari, vumbi mwezi wa nne, shuka mabegani mwezi wa saba. Mimi kazi yangu ni kusoma vipimo, na wewe umenitumia vipimo vitatu ukidhani ni salamu. Hapa karibu na chuo ipo hospitali yenye daktari wa kifua. Kitanda kwangu kipo. Mlete.

Dada yako


1 Agosti

Dada,

Barua hii sikuitia posta. Aliyekupa mkononi ndiye mwenye habari za nyumbani zote, kwa hiyo sitaziandika. Atakwambia naishi kwa chai na mkate. Anatia chumvi.

Kidole cha mwisho kimefanya kazi. Nilipima kwa changu, nikaachia kuzunguka kote. Maji yanachelewa kidogo kuliko kwenye la zamani, kuni zinakwenda karibu sawa, na ukutani mwa chumba cha kupikia, pale nilipopaka chokaa upya, bado ni chokaa.

Miwani nimemkalisha. Nilipeleka majiko yote mawili shuleni, la zamani nililoazima kwa mteja wangu na jipya. Nikaomba mwalimu mkuu aje, wapishi waje, nikaomba tuingie ndani safari hii, uwanjani kuna jua. Nikawasha la zamani, nikafunga mlango, nikakaa nao. Mwalimu mkuu alitoka wa kwanza akasema amekumbuka simu. Miwani alijikaza kwa sababu mpishi mkuu alikuwa anamtazama. Mwishowe akaivua miwani yake. Dada, ana macho madogo, ya kawaida kabisa, na yalikuwa yanachuruzika. Akatafuta leso mfukoni akatoa rundo la vibandiko vyake. Mpishi mkuu akamwambia, "Bandika hapo kwenye paji, tukuone tukikuhitaji." Wapishi wengine waliangua kicheko wakiwa wanakohoa, na sijawahi kusikia sauti kama ile.

Jipya tuliliwasha baadaye, mlango ukiwa umefungwa vilevile, na mwalimu mkuu akarudi akakaa mpaka chai ikanyweka. Manne yamejengwa. Mabomba yamepita paani. Kuni zao ni mbichi, kama ulivyosema, nami nimewajengea kichanja cha kuzikaushia, wakanitazama kama mtu aliyewaambia waanike maji. Miwani anasimulia mtaani kwamba wazo la kupandisha sufuria lilikuwa lake. Mwache. Amelieleza kinyumenyume, hakuna atakayeweza kulijenga.

Sasa hili.

Usimpime binti kwa macho akiwa mlangoni, atajua, na atajitahidi asikohoe. Anajua kufunga pumzi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mwache alale kwanza. Shemeji amfundishe kukaanga vitunguu.

Mimi sikuja kwa sababu kuna kazi. Hiyo ndiyo sababu nimempa yeye, na wewe mpe hiyohiyo.

Hospitalini ingia naye, lakini usimsemee. Najua ulimi wako, utamwambia daktari joto la mwali. Mara ya kwanza tulipompeleka mama yake kwa ajili ya kifua, daktari alimuuliza, mama, nyumbani unapikia nini? Nikajibu mimi. Nikasema ana jiko bora kuliko yote mtaani, nimelitengeneza mwenyewe. Yeye akanitazama, akatabasamu, akanyamaza. Daktari akaandika nilivyosema, akamwambia ni baridi, ajifunike.

Safari hii sipo. Mwache ajibu mwenyewe.

Mdogo wako